Leso ikitoka, imekuja au imekwenda?

JUMAMOSI iliyopita mjukuu wangu, aliye gredi ya nane, alinijia nyumbani Kizingo na daftari la insha mkononi na uso umemkunjamana. Alikuja kushtaki. Katika insha kuhusu harusi ya shangazi yake alikuwa ameandika hivi: “Mama alivaa leso mpya zilizotoka wiki ile.” Kalamu nyekundu ilikuwa imepiga mstari chini ya neno “zilizotoka”, na pembeni mwalimu akaandika: “zilizoingia katika fasheni”. Alama moja ikaenda na maji.

“Babu,” akaniuliza, “nyanya husema leso zimetoka kila siku. Kwani nyanya hajui Kiswahili?”

Swali hilo ni zito kuliko alama iliyopotea. Mtoto akiambiwa na shule kwamba nyanyake hajui lugha aliyozaliwa nayo, mara nyingi huiamini shule. Kidogo kidogo huanza kuyaacha maneno ya nyumbani, na akifika chuo kikuu tunamkuta akiandika Kiswahili ambacho sarufi yake ni safi lakini hakuna mtu sokoni azungumzaye hivyo. Hao ndio wanafunzi niliowafundisha kwa zaidi ya miaka thelathini. Kwa hiyo safu ya leo ni jibu kwa mjukuu wangu, na pia kwa mwalimu wake, ambaye sina ugomvi naye. Najua alichokuwa akihofia.

Alihofia kitenzi “toka”. Mwanafunzi yeyote hufundishwa kwamba kutoka ni kuondoka ndani kwenda nje, na kwamba kinyume chake ni kuingia. Sasa, Mwingereza anapotaka kusema kwamba vazi linapendwa wakati huu, husema limo ndani ya fasheni. Likichujuka, husema limetoka nje ya fasheni. Ukiiweka picha hiyo kichwani kisha usome “leso zilizotoka”, utaona kana kwamba mtoto amesema leso zilizochakaa, ilhali alikusudia leso mpya. Mwalimu akadhani anamwokoa mwanafunzi wake asiseme kinyume cha alichokusudia.

Lakini hebu tumuulize mwalimu huyo: gazeti hili unalolisoma limefanyaje leo asubuhi? Limetoka. Matokeo ya mtihani yakitangazwa, yamefanyaje? Yametoka. Kitabu kipya? Kimetoka. Wimbo mpya? Umetoka. Hakuna Mswahili, awe wa Mombasa au wa Dar es Salaam, anayesikia kwamba wimbo umetoka akadhani wimbo huo umekufa. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka kwa mara ya kwanza mwaka wa 1981. Kamusi ya Krapf, mmishonari aliyefika hapa Mombasa mwaka wa 1844, ilitoka London mwaka wa 1882 baada ya yeye kufariki. Nimetumia “ilitoka” mara mbili sasa hivi na bila shaka hukushtuka, msomaji. Iweje basi leso peke yake ikitoka iwe imekwisha?

Sikutaka kuhukumu nikiwa kitini. Nilimchukua mjukuu wangu, tukapanda tuktuk hadi Biashara Street, mtaa ambao kwa muda mrefu umekuwa ndio makao makuu ya biashara ya leso katika Pwani hii. Tulisimama katika duka moja, tukajifanya tunachagua, kumbe tunasikiliza. Mama mmoja wa makamo akashika doti na kumuuliza kijana muuzaji:

“Hizi zatoka, mwanangu?”

“Zatoka sana, mamangu. Hizi ndo zilotoka juzi. Kesho hutazipata.”

“Na zile za juu?”

“Zile zimeshapita. Hazitoki tena. Nitakupa kwa bei ya hasara.”

Mjukuu wangu alinitazama. Nami nilikuwa nikihesabu kwa vidole. Kwa maneno yasiyozidi ishirini, watu wawili ambao pengine hawajawahi kufungua kitabu cha isimu walikuwa wamekitumia kitenzi kimoja kwa namna tatu, na hawakupotezana hata mara moja.

Tuzichambue. “Zilotoka juzi” ni habari ya upya: leso hizi zimeachiliwa sokoni hivi karibuni, hazikuwapo, sasa zipo. “Zatoka”, au “zinatoka” kwa Kiswahili cha shule, ni habari ya kupendwa: zinanunuliwa, zinaondoka dukani kila siku, watu wanazitaka. Hili ndilo neno la Kiswahili lililo karibu zaidi na kile mwalimu alichotaka kukiita kuwa katika fasheni. “Hazitoki” ni habari ya kukataliwa: zimelala rafuni zikila vumbi. Angalia jinsi lugha ilivyofanya kazi yake kwa njozi na ukanushi, bila ya kuhitaji nomino yoyote ya kuazima. Upya umebebwa na wakati uliopita, kupendwa kumebebwa na wakati uliopo wa mazoea, na kuchujuka kumebebwa na ukanushi.

Na hapa pana jambo ambalo tafsiri ya neno kwa neno hulipindua kabisa. Kwa Kiingereza, kitu kilichochujuka ndicho kinachotoka. Kwa muuzaji wa Biashara Street, kitu kilichochujuka ndicho kisichotoka! Anayemfuata Mwingereza akasema “leso hizi zimetoka kwenye fasheni” ana hatari ya kusikika akizisifu. Mama yule angesikia “zimetoka” tu, angefungua mkoba.

Mwalimu atanijibu kwamba hata kuingia ni Kiswahili. Ni kweli, na simpingi. “Leso mpya zimeingia” ni kauli ya kila siku. Lakini chunguza zinaingia wapi. Zinaingia mjini, zinaingia dukani. Kwa Mwingereza, kuingia na kutoka katika fasheni ni vinyume: ukiwa ndani huko nje. Kwa mwuza leso ni hatua mbili za safari moja. Leso hutoka kiwandani, huingia mjini, kisha hutoka dukani ikienda kwa mvaaji. Ndiyo maana unaweza kusema “zimetoka mpya” au “zimeingia mpya” na ukaeleweka vilevile. Kosa la sahihisho la mwalimu halimo katika “zilizoingia”. Limo katika ile nyumba iitwayo “katika fasheni”, ambayo Waswahili hawakuijenga.

Basi Waswahili walijenga nini? Mimi naona jibu ni wakati. Lugha yetu inapozungumzia mambo yanayopendwa na yaliyochujuka, huyapima kwa saa na msimu. Kitu kinachopendwa leo ni cha kisasa, yaani cha sasa. Zamani kidogo wazee walisema pia “cha kileo”, cha leo, ingawa neno hilo limepungua nguvu kwa sababu kileo nacho ni ulevi, na hakuna bwana harusi apendaye kuambiwa kwamba nguo zake ni za kileo. Kilichochujuka ni cha kizamani, au kimepita, au kimepitwa na wakati. Zingatia hiyo kauli ya kutendwa: kitu hakikuondoka mahali popote. Kimesimama palepale, wakati ndio uliokipita ukakiacha nyuma. Na mtu anayejua mambo tunasema anakwenda na wakati, kama anayetembea bega kwa bega na mwenziwe.

Methali nayo inathibitisha: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Waliotunga methali hiyo hawakusema kizuri ni kinyemi. Walisema kipya. Walijua kwamba sehemu kubwa ya uzuri wa jambo jipya ni upya wenyewe, hata kama lenyewe linauma. Kuna nadharia nyingi za mavazi na mitindo zilizoandikwa Ulaya ambazo, ukizikamua, hubaki maneno hayo manne.

Hata sisi wanaisimu, tulipotafuta jina la yale maneno yazukayo mitaani, yakapendwa na vijana, kisha yakafa, tuliyaita misimu. Neno la msimu ni neno la majira. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya majira, lile lile ambalo kupitia kwa Wareno liliingia katika Kiingereza likawa jina la pepo za bahari hii. Kwa mji kama Mombasa, msimu na upya vilikuwa ndugu kwelikweli. Kaskazi ikivuma, vyombo viliteremka kutoka Bara Hindi na Arabuni vikatia nanga katika Bandari ya Kale. Kusi ikianza, vilirudi. Nguo mpya, manukato mapya na vyombo vipya vya nyumbani vilikuja na upepo. Aliyeuliza kama kitu fulani kinapendwa alikuwa, kwa hakika, akiuliza kama ni cha msimu huu au cha msimu uliopita.

Na tusidhani kwamba mambo haya ya kupenda na kuchujua yalianza na simu za mkononi. Richard Burton, aliyefunga safari ya bara mwaka wa 1857, alieleza kwa urefu jinsi misafara ilivyolazimika kujua ni shanga gani zinazotakiwa wapi, kwa kuwa shanga zilizopendwa sana zingeweza baadaye kukataliwa, na mwenye mzigo akabaki na hasara. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake cha mwaka wa 2008, ameonyesha kwamba viwanda vya mbali kama vya Salem kule Marekani na vya Bombay vililazimika kufuata matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki, wala si kinyume chake. Wazee wetu walikuwa wakiamua kipi kinatoka na kipi hakitoki, na mashine za ng’ambo zikitii.

Leso yenyewe ni ushahidi. Jina lake ni la Kireno, neno la kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Pwani hawakuridhika na vitambaa hivyo jinsi vilivyokuja, wakavinunua vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja hata vikawa vazi. Baadaye wafanyabiashara wakachapisha nguo nzima yenye pindo, mji, na hatimaye jina, yaani yale maneno ya chini. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake wanawake wanazijua kwa chapa ya “Mali ya Abdulla”, limekuwapo tangu 1887. Kila jina jipya likichapwa, mji ulijua. “Umeiona ilotoka?” lilikuwa swali la kibarazani. Aliyeulizwa hakuhitaji kuelezwa ni nini kilichotoka.

Kulikuwa na uzito mwingine juu ya nguo hizi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja mwaka wa 1897, na katika Pwani hii yetu mwaka wa 1907, wanawake waliokuwa watumwa waliziacha kaniki na merikani walizovishwa, wakajifunga leso kama waungwana. Kwao leso iliyotoka ilikuwa zaidi ya urembo. Ilikuwa tangazo kwamba wakati wa zamani umepita. Ukiifikiria hivyo, utaona kwa nini hisia ya wakati imejikita sana katika msamiati wetu wa mavazi.

Lakini si kila vazi hupita. Kisutu, ile leso ya bibi harusi yenye wekundu, weusi na weupe, haiulizwi ilitoka lini. Hakuna asemaye kisutu ni cha kisasa, wala hakuna athubutuye kusema ni cha kizamani. Kiko nje ya hesabu ya wakati. Na kuna mavazi ambayo hupita yakaacha jina nyuma. Buibui la leo, lenye mikono na mkato wa Ghuba, si lile buibui la kamba walilojitanda mama zetu, ila neno limebaki buibui. Vazi limepitwa, neno limekwenda na wakati.

Sasa nije kwa nomino zetu mbili, fasheni na mtindo, maana nahofia msomaji atadhani nataka kuzifukuza. La. Fasheni ni neno la kuazima lililozoeleka siku nyingi, na mtu wa Pwani hulitumia kwa raha: “ndo fasheni ya sasa”, “yule mtu wa fasheni”. Tazama lakini jinsi linavyotumiwa. Fasheni ni kitu chenyewe, au ni sifa ya mtu. Huwa, hutoka, huja, hupita. Mzungumzaji wa kawaida haifanyi fasheni kuwa chumba cha kuingia na kutoka. Vibaya si kuazima neno. Vibaya ni kuazima neno kisha ukaazima na viambishi, vihusishi na picha nzima iliyokuja nalo, ukaibandika juu ya lugha ambayo tayari ina picha yake.

Mtindo nao una shida ya kubebeshwa mizigo mingi. Asili ya matumizi yake ni namna ya kufanya jambo. Kila nguo ina mtindo, hata gunia. Kila mwandishi ana mtindo, na tunao wataalamu wa elimumitindo wanaouchunguza. Ndiyo maana kusema “ana mtindo” pekee si sifa mpaka uongeze mzuri au mpya. Magazetini neno hili limepata hata sura mbaya: “imekuwa mtindo kwa viongozi kuahidi wasichotimiza”. Na tangu majukwaa ya mavazi yashamiri, kama lile la Swahili Fashion Week lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka wa 2008, tumepata “mwanamitindo”, ambaye katika ukurasa mmoja wa gazeti ni anayebuni nguo na katika ukurasa unaofuata ni anayezivaa na kutembea jukwaani. Mimi ningependelea wa kwanza abaki mbunifu wa mavazi. Huku mitaani, wateja wa mafundi wamekwisha kujipatia neno jepesi: mshono. “Nataka mshono kama huu,” mama humwambia fundi huku akimwonyesha picha kwenye simu. Neno hilo halina maringo na kila mtu hulielewa.

Vijana nao wamekuja na lao. Kitu kikisambaa mtandaoni, wao husema kinatrendi. Sipigi kelele, misimu ni misimu, na mingi itapita kabla ya kalamu yangu kukauka. Ila nawakumbusha kwamba tunacho kitenzi “vuma”. Jambo huvuma, mtu huvuma, wimbo huvuma. Na kuvuma kwa Kiswahili kumekuja na onyo lake ndani: ngoma ivumayo haidumu. Kutrendi hakuna onyo hilo.

Nakubali hoja moja ya upande wa pili. Kitenzi “toka” kina maana nyingi, na mwandishi asipoangalia anaweza kumchanganya msomaji aliye mbali na soko la leso. “Leso imetoka” yaweza kumfanya mtu wa bara afikirie rangi iliyotoka kwenye maji. Dawa yake ni muktadha. Mjukuu wangu aliandika “leso mpya zilizotoka wiki ile”. Neno “mpya” lipo. Wakati upo. Hapakuwa na mwanya wa kukosea kuelewa, isipokuwa kwa msomaji aliyekuwa akiitafsiri sentensi hiyo kwa Kiingereza kichwani mwake.

Hapo ndipo penye kiini cha malalamiko yangu. Mkutano wa mwaka wa 1928 ulioamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika hapa hapa Mombasa, na Kimvita kikawekwa kando kikiwa mwenyeji. Tumeyakubali hayo, lugha moja ya kuandikia ilikuwa na faida zake. Lakini sahihisho la daftari hili si la Kiunguja dhidi ya Kimvita, kwa maana Unguja pia vitu vipya hutoka. Ni Kiingereza kilichovaa kanzu ya Kiswahili sanifu kikamsahihisha Mswahili. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetuachia neno runinga na mengine mengi kabla ya kufariki mwaka wa 2017, alituonyesha njia maisha yake yote: kabla ya kwenda kuomba kwa jirani, pekua kwanza kabati la nyumbani, uwaulize wazee, usikilize lahaja. Alipekua, akapata.

Kwa walimu, basi, ombi langu ni dogo. Mtoto akiandika kauli usiyoizoea, usikimbilie kalamu nyekundu. Mwulize: nani husema hivi kwenu? Akikutajia nyanya yake, fundi, mwuza samaki au mwuza leso, andika kauli hiyo ubaoni na darasa zima liijadili. Na kwa wahariri na watangazaji wetu: kitu kipya semeni kimetoka au kimeingia, kinachopendwa semeni kinatoka, kinavuma, ndicho cha sasa, kilichochujuka semeni kimepita au kimepitwa na wakati. Hiyo “kimetoka kwenye fasheni” waachieni wenyewe wenye nyumba.

Jioni ile mimi na mjukuu wangu tuliketi Mama Ngina, karibu na Lighthouse, tukila mihogo ya pilipili na ndimu. Aliniomba nimwandikie mwalimu barua. Nilikataa. Nilimwambia arudi darasani Jumatatu, ainue mkono kwa adabu, na amuulize mwalimu swali moja tu: “Mwalimu, gazeti la leo limeshatoka?”